Fungeni Injini za Toyota, Lakini Chesisi ya Landrova Msiikate

Hakuna gari linalobishaniwa katika gereji za Shinyanga, Kahama na Geita kama Landrova 109. Hilux ikiingia na injini imekufa, watu hawana maneno: inatafutwa injini nyingine kama ile, inafungwa, gari linaondoka. Landrova ikiingia, mafundi wanagawanyika kabla hata boneti haijafunuliwa. Wapo wanaosema injini yake ifufuliwe hata ikibidi pistoni zitafutwe Arusha au Nairobi, maana Landrova isiyo na injini yake si Landrova tena. Na wapo, ambao siku hizi ndio wengi, wanaosema ing'olewe leo leo, mahali pake ikae injini ya Toyota, mwenye gari aendelee na safari zake.

Mimi niko na hawa wa pili, kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yanayopuuzwa, na kwa kupuuzwa kwake tunapoteza magari ambayo hayatatengenezwa tena. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa gari la mwisho la ukoo huo Januari 2016. Zilizopo ndizo hizo.

Kolandoto ni mahali pazuri pa kuanzia. Kata hii ya Manispaa ya Shinyanga iko kwenye barabara kuu iendayo Mwanza, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Lalago, Mwanhuzi na Matala, inayokwenda kutokea njia panda ya Oldeani upande wa Karatu. Aliyewahi kuipita njia hiyo wakati wa masika, kabla ya matengenezo, anajua kwa nini gari la chini halikuwa na kazi huku. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna simile na tairi. Unajaza kila nafasi kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka.

Kolandoto kuna hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, ambayo leo iko chini ya Kanisa la AICT. Jirani kuna Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940 na kuanzisha mgodi ambao bado unaitwa kwa jina lake. Kandokando ya hayo kulikuwa na vyama vya ushirika vya pamba, maghala yake na mabwana shamba wake. Hospitali, mgodi, ushirika, polisi, ofisi ya mkuu wa wilaya: kizazi cha wazazi wetu kiliwaona watu wa taasisi hizi wakishuka kutoka kwenye gari la aina moja. Mgonjwa aliletwa na Landrova, chanjo ilikuja na Landrova, na hata aliyekamatwa aliondoka na Landrova. Ndiyo maana wazee wa Usukumani wakiiona imeegeshwa mahali huisogelea na kuigusa. Magari mengine hawayafanyii hivyo.

Gari lenyewe lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Uamuzi huo wa shida ndio uliolipa umri mrefu, kwa kuwa bodi haioti kutu. Chesisi ni ya chuma, na huko kwao Uingereza ndiyo inayooza kwa mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Shinyanga hatuna chumvi barabarani, na mvua yenyewe ni ya kuhesabu. Landrova ya huku inaweza kukaa chini ya mkwaju miaka 20, tairi zimekwisha, viti vimeliwa na mbuzi, na chesisi yake ukiigonga kwa nyundo ikalia vizuri kuliko ya gari linalotunzwa ndani ya gereji Birmingham. Hiyo ni hazina, na wengi tunaoishi nayo hatujui.

Tarakimu 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Injini iliyoenea zaidi ilikuwa ya silinda nne, lita 2.25. Ya petroli ilitoa nguvu za farasi 70 na ushee, ya dizeli kama 62. Leo hata Toyota IST ya kina dada wa mjini inaizidi. Lakini ilikuwa injini iliyotengenezwa ivumilie mafuta mabaya na fundi mwenye spana chache, na kwa kazi ya mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye njia ya ng'ombe ilitosha kabisa.

Kilichoing'oa Landrova barabarani hakikuwa ubovu. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na nchi yetu ikaumia zaidi ya wengi. Ilifika mahali magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Fedha za kigeni zikawa adimu, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zikawa adimu zaidi. Beringi moja ya Landrova ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji dola ambazo hazikuwapo. Gari likisimama kwa gasketi ya silinda hedi, lilisimama moja kwa moja. Taasisi zikaanza kuchuna moja ili ziponye nyingine, na nyuma ya kila ofisi ya serikali ikatokea safu ya mifupa. Kisha mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata, na pikapu za Kijapani zikaingia kwa wingi. Baada yake zikaja Hiace za daladala. Kuanzia hapo, spea iliyopatikana katika kila mji mdogo wa Kanda ya Ziwa ilikuwa ya Toyota.

Hapo ndipo ilipozaliwa hii kazi ya kupandikiza. Injini inayopendwa kwa 109 ni 3L ya dizeli, lita 2.8, silinda nne, nguvu za farasi kama 91. Ni ile ile iliyobeba Hiace na Hilux. Nozeli zake, mkanda wake wa taimingi, ringi zake, vyote utavipata Kahama kwa siku moja. Wenye pesa na haraka wanataka 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2. Nitairudia hiyo baadaye, kwa kuwa ina balaa lake.

Ukitaka kuelewa kwa nini naiheshimu kazi hii, kaa karibu na fundi anapoiandaa. Niliwahi kumtazama mmoja pale Kolandoto, mtu wa makamo, gereji yake ni mwembe, turubai na shimo. Gia boksi ya Landrova ilikuwa imelazwa juu ya magogo mawili. Alichukua kifuniko cha katoni ya sabuni, akakiweka juu ya uso wa gia boksi pale inapoungana na injini, akawa anagonga taratibu kwa upande wa mviringo wa nyundo kuzunguka ukingo wote. Kila mahali penye tundu la bolti, katoni ilikatika kwa duara safi. Kila mahali penye ukingo, alama ilijichora. Akafanya hivyo hivyo kwenye injini ya 3L kwa katoni nyingine. Kisha akaziweka katoni mbili mbele ya mwanga wa jua, moja juu ya nyingine, akazizungusha mpaka kitovu cha shafti kikaangukia kitovu cha kranki. Akapigilia sindano katikati zisihame. Hicho ndicho kilikuwa kiolezo. Kilipelekwa kwa fundi wa mashine ya kukereza mjini Shinyanga, kikarudi kama bamba la chuma lenye safu mbili za matundu: moja ya Mwingereza, nyingine ya Mjapani.

Vitovu hivyo vikipishana hata unene wa wembe, beringi ya mbele ya gia boksi itaanza kulia wiki ya kwanza na kusagika ya pili. Sahani ya klachi nayo ni ya kuunganishwa: kitovu chenye meno ya Landrova kinafungwa kwa ribiti kwenye sahani ya Toyota, ili kitovu kikae kwenye shafti na sahani ikamatane na flaiwili. Baada ya hapo kuna mauntini, bomba la moshi, mabomba ya maji ya redieta, waya za kuzima na kuwasha, na sampu ambayo isipoangaliwa itagongana na ekseli ya mbele kila gari linapozama shimoni. Yule fundi hakuwa na mchoro hata mmoja. Alikuwa na katoni, sindano na macho. Anayesema watu kama hawa wanaharibu magari ya kale, aje kwanza akae chini ya mwembe ule asubuhi moja.

Wamarekani nao wana ubishi huu, na wao wameufikisha mbali. Miaka ya 1960 walitengeneza magari yenye injini kubwa kupita kiasi kwa bodi za wastani: Pontiac GTO ya 1964, Ford Mustang ya Aprili mwaka huo huo, na nyingine zilizofuata. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, kule kule kulikoegesha Landrova za petroli nyuma ya ofisi za Shinyanga, kulisaidia kuyamaliza magari hayo pia. Miaka ikapita, yakawa ya kukusanywa. Halafu General Motors ikatoa injini ya LS1 kwenye Corvette mwaka 1997: silinda nane, lita 5.7, bloku ya alumini, nyepesi, haisumbui kuwaka asubuhi. Watu wakaanza kuing'oa kwenye magari yaliyogongwa na kuifunga kwenye magari ya 1967 na 1969. Wengine wakapandwa na hasira. Kwao, thamani ya gari iko katika namba ya injini kulingana na namba ya bodi, kama zilivyotoka kiwandani siku moja.

Na soko linawapa haki hao wenye hasira. Mustang aliyoendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968 ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000, ikatumika kama gari la nyumbani, kisha ikahifadhiwa kwa miongo kadhaa bila kupakwa rangi upya. Januari 2020 iliuzwa kwa mnada, na ukijumlisha ada ikagharimu dola milioni 3.74, rangi yake imebabuka na bodi ina makovu. Ingekuwa imefungwa injini mpya na kupigwa rangi inayong'aa, isingefika hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Nairobi nako, mashindano ya Concours d'Elegance yanayoendeshwa tangu 1970 yanawapa heshima wanaotunza magari kwa uangalifu wa namna hiyo, na sina ugomvi nao. Tunahitaji watu wa aina hiyo.

Ugomvi wangu uko kwenye kipimo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina maelezo yake ya gari la kihistoria: liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali sahihi ya kihistoria, na lisiwe linatumika kwa usafiri wa kila siku. Soma hilo la mwisho ukiwa umesimama Kolandoto. Landrova ya 1972 inayobeba magunia ya mpunga kutoka bondeni, au inayompeleka mganga kijiji kisichofikika, inakosa sifa kwa kuwa bado inafanya kazi iliyotengenezewa. Iliyofungiwa ndani na kufutwa vumbi ndiyo inayoitwa historia. Kipimo hicho kiliandikwa na watu wenye gari la pili, la tatu na la nne. Mtu mwenye gari moja hawezi kulitunza kwa kutolitumia.

Halafu tuulize, hiyo asili ya Landrova inayolindwa ni ipi? Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Wamarekani. Injini ya matoleo ya mwanzo ilikuwa ya gari la kifahari la Rover. Ile V8 iliyosifika, iliyoingia kwenye Range Rover ya 1970 na baadaye kwenye 109 zenyewe, asili yake ni injini ya Buick ambayo Rover ilinunua haki zake kutoka General Motors katikati ya miaka ya 1960. Australia, kampuni yenyewe ya Land Rover ya huko ilifunga injini ya dizeli ya Isuzu, lita 3.9, na jeshi la nchi hiyo likazitumia kwa miaka mingi. Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda kilitoa Defender zenye injini ya BMW ya lita 2.8. Kwa hiyo fundi wa Kolandoto anayefunga injini ya Kijapani kwenye Landrova anafanya jambo ambalo wenye Landrova walilifanya wenyewe, kwa mkono wao, wakaligongea na nembo.

Tena Landrova ilitoka kiwandani ikiwa na mahali pa kuchukulia nguvu za injini kuendesha mashine nyingine: msumeno, pampu, kinu. Ilibuniwa kwa ajili ya mkulima. Gari lililozaliwa kwa nia hiyo halitukanwi kwa kuendelea na kazi. Injini zake zilizong'olewa nazo hazikulala. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo ukanda wa Kahama na Geita utakuta injini za magari ya kila aina zimefungwa kwenye fremu za vyuma, nyingine zinavuta maji mashimoni, nyingine zinazungusha makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu.

Basi mpaka hapa niko na mafundi. Sasa nije kwenye masharti.

La kwanza ni breki, na hapa naomba wenye magari wasome taratibu. Landrova 109 ina breki za drami magurudumu yote manne. Zilipimwa kwa gari la farasi 60 au 70, linalotembea polepole. Ukiweka 3L umeongeza nguvu kwa karibu nusu zaidi ya ile dizeli ya awali. Ukiweka 1HZ umeizidisha mara mbili, na umeongeza uzito mkubwa puani. Barabara nayo si ile: kutoka Kolandoto hadi Mwanza sasa ni lami, na dereva mwenye injini ya Land Cruiser ataikanyaga kama ana Land Cruiser. Siku ng'ombe watakapovuka pale mbele, na Usukumani ng'ombe huvuka kila siku, ile pedali itashuka hadi chini na gari litaendelea kwenda. Haf shafti za ekseli ya zamani nazo hukatika kwa nguvu ambazo hazikuzijua. Nimeona magari yaliyofungwa injini ya mamilioni yakaachwa na breki zilizovuja mafuta tangu enzi za uhaba wa spea. Fundi anayepokea pesa ya injini na kunyamaza kuhusu breki amemuuzia mteja hatari. Defender za miaka ya baadaye zina breki za diski mbele, na ekseli zake zinaweza kupatikana kwa wavunjaji wa magari ya utalii Arusha. Kama bajeti haitoshi injini na breki, basi chukua injini ndogo.

La pili ni chesisi, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. 3L inaingia kwenye nafasi ya injini ya zamani bila kukata kitu kikubwa. Ni silinda nne kwa silinda nne. 1HZ ni ndefu. Ili ikae, redieta inasukumwa mbele, na mara nyingi kile kibati kinachotenga injini na miguu ya dereva kinakatwa kwa gesi. Kisha unakuja mtalimbo wa chesisi unaopita chini ya injini. Nao unakatwa, na kipande cha reli au chaneli ya chuma kinachomelewa mahali pake. Baada ya hapo hakuna kurudi. Yule atakayelipata gari hilo miaka 20 ijayo, akiwa na uwezo na nia ya kulirudisha lilivyokuwa, atakuta kovu. Chesisi iliyokatwa na kuchomelewa vibaya pia hupinda ikibebeshwa mzigo, milango inaanza kugoma kufunga, na kesi inahamia kwa fundi wa bodi ambaye hana kosa.

FIVA hao hao niliowalaumu wana ushauri mmoja ambao ningependa ubandikwe kwenye kila gereji. Walipoulizwa kuhusu magari ya kale yanayofungwa mota za umeme, walisema hayahesabiki tena kuwa ya kihistoria, lakini wakashauri kwamba anayefanya hivyo ahakikishe mabadiliko yanaweza kurudishwa nyuma, na vifaa vyote vya awali vitiwe alama na kuhifadhiwa salama. Ushauri huo unatufaa kuliko kipimo chao. Funga mauntini kwa bolti badala ya kuchomelea. Tumia bamba la kuunganishia kama lile la yule fundi, gia boksi ya Landrova ibaki. Injini ya zamani ipakwe grisi, matundu yake yazibwe, ifungwe kwenye turubai iwekwe stoo. Nayo haili.

Tena ushauri huo utahitajika zaidi siku zijazo, maana umeme unakuja. Nairobi, kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, ilianza kazi zake kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya utalii, Landrova na Land Cruiser, na kufunga mota za umeme. Landrova ambayo chesisi yake ni nzima itaweza kupokea na hilo. Iliyochomelewa reli haitaweza.

La tatu ni kadi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, TRA wanapaswa kujulishwa na kadi irekebishwe. Wengi hawafanyi, kisha siku ya kuuza, au siku ya ajali na bima, wanakuta gari la kwenye karatasi na gari la barabarani ni mawili tofauti. Nunua injini yenye risiti. Injini ya mtumba isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu aliyeibiwa, na huwezi kujitetea kwa kusema ulinunua gereji.

La nne si la mafundi, ni la taasisi. Zipo Landrova ambazo hazistahili kuguswa kabisa, hata kwa bolti. Nazungumzia gari ambalo historia yake inajulikana: aliyekuwa akilitumia anajulikana, kazi iliyofanyika inajulikana, na injini yake bado ipo hata kama imekufa. Gari la kwanza la kliniki ya vijijini. Gari la chama cha ushirika lililozunguka kununua pamba. Gari la watafiti wa mgodi. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi gari la Rolls-Royce lililotumiwa na watawala wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere, na ni vizuri. Lakini Rolls-Royce haikufika Lalago. Gari lililoijenga nchi hii nje ya lami ni Landrova, na sioni kwa nini mkoa wa Shinyanga, wenye almasi ya Mwadui, pamba na hospitali ya zaidi ya karne, usiwe na banda moja la kuweka hata Landrova mbili zilivyo, rangi iliyobabuka na yote, na karatasi ukutani inayosema zilibeba nani kwenda wapi.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Landrova kwa lengo la kukusanya magari zaidi ya elfu moja na kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Magari yalitoka kila upande, kuanzia Defender za utalii zinazong'aa hadi kongwe za wakulima. Nilichofurahia ni kwamba nchi iliweza hata kufikiria jambo hilo. Nchi nyingi tajiri haziwezi kukusanya Landrova elfu moja zinazotembea kwa nguvu zake. Sisi tunaweza, na tunaweza kwa sababu mafundi wetu hawakusubiri spea orijino. Walifunga kilichopatikana.

Adui halisi wa Landrova simwoni gereji. Namwona kwenye mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na kirikuu chake kijiji kwa kijiji, na bodi ya alumini kwake ni bidhaa safi: inayeyushwa, inamiminwa, inakuwa sufuria. Mjane aliyeachiwa gari na marehemu anaambiwa ni mzigo tu, analipwa kwa kilo, na siku hiyo hiyo milango, paa na madigadi vinakatwa kwa shoka. Chesisi inafuata, kisha injini. Hakuna anayeuliza namba wala mwaka. Gari lenye 3L ndani yake halifiki kwenye mizani hiyo, kwa kuwa linaamka asubuhi na kuleta pesa nyumbani. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba injini ya Toyota imeokoa Landrova nyingi kuliko wapenzi wote wa asili wakiwekwa pamoja.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu Kolandoto, Mwadui, Ushirombo au Nyang'hwale kuna Landrova imelala, kabla hujamwita mtu wa mizani fanya mambo matatu. Futa vumbi kwenye kibati cha namba uiandike namba ya chesisi. Muulize mzee aliyebaki gari hilo lilikuwa la nani na lilifanya kazi gani, umrekodi kwa simu. Kisha mwite fundi, si mnunuzi. Akikwambia injini imekwisha, mwambie afunge nyingine, aanze na breki, na gesi ya kukatia aiache nyumbani.